Mulozi Niliyemwandika kwa Biki

Nina miaka arobaini na minne, nina diploma ya sekondari ambayo unyevu umeshakula pembe zake mbili, na nimewahi kuangusha serikali mara tano. Serikali yenyewe ilikuwa ndani ya kompyuta kuukuu iliyotoka Ubelgiji, katika duka la kutengeneza mashine huko Bujumbura. Kazi yangu pale ilikuwa kufuta vumbi na kuwaambia wateja kwamba fundi yuko njiani.

Mtu aliyeiuza kompyuta ile alisahau mchezo ndani yake. Haukuwa mchezo wa mpira wala wa kupigana risasi. Katika mchezo huu unakuwa mtu mwingine: unachagua sura, unapewa upanga, unatembea katika nchi isiyokuwapo, na kila unayekutana naye anakutaka uamue jambo. Majibu yanatokea chini ya kioo, matatu au manne, yote kwa Kifaransa safi, na wewe unachagua moja. Ukichagua vibaya, mtu anakufa, na baadaye mjane wake anakutana nawe sokoni na kukukumbusha.

Nchi ile ilikuwa na watu wanaozaliwa na uchawi mikononi, kama wengine wanavyozaliwa wakitumia mkono wa kushoto. Hawakuuomba. Lakini wakubwa waliwaogopa. Mtoto akitoa cheche moja tu anachukuliwa kwa mama yake, anavishwa bangili ya chuma, anafungiwa mnarani mpaka azeeke. Walinzi wanasema ni kwa faida ya wote. Na ili usipate jibu rahisi, mara mojamoja mmoja wa wale waliofungwa anashindwa kujizuia na kuteketeza kijiji kizima. Hapo mchezo unakuuliza: utawafungua, au utasaidia kuwafunga?

Mimi nilifungua, kila mara. Mara ya sita nilitaka kuwa upande wa walinzi, nione tu mwisho wake ulivyo. Bibi mmoja wa mnarani akanitazama kwa macho yake ya kuchorwa, nikashindwa kubonyeza, nikatoka kwenda kununua mishikaki. Nilijiona mtu mwenye moyo mkubwa. Wakati huo nilikuwa sijampigia dada yangu simu kwa miezi saba, lakini mnara mzima wa wenye uchawi ulikuwa huru.

Kutoka Bujumbura nilikwenda Kigoma, kutoka Kigoma Kalemie, kutoka Kalemie Uvira, na kote huko sikupata kitu cha kubeba mkononi ninaporudi nyumbani. Nikiwa Kalemie niliota ukungu wa Bukavu asubuhi. Nikiwa Bukavu naota joto la Kalemie. Dada yangu mkubwa anasema mimi ni shati lililoanikwa siku ya mawingu: siku zote kuna upande mmoja ambao bado haujakauka. Hata hivyo kila nikirudi ananipa chumba. Yeye ni mjane, ana parseli, yaani kiwanja chenye ua, kwenye mteremko wa Kadutu hapa Bukavu, nyumba yake mbele na vyumba viwili vya mbao nyuma, vya kupangisha. Safari hii nilipewa chumba cha pembeni, na mbao zake zimeachana kiasi kwamba naweza kujua majirani wanakula nini bila kuinuka kitandani.

Kompyuta sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo, umeme wetu unakuja kama mgeni wa heshima, bila kukaa sana. Basi nikaugeuza mchezo kuwa wa karatasi. Nilinunua daftari, nikachora ramani, nikanunua dadu mbili sokoni, zile za mchezo wa ludo, nikawaita rafiki zangu wawili tuliosoma pamoja: mmoja ni mwalimu wa jiografia na katekista, mwingine fundi wa kushona nguo. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana walikuja chumbani kwangu. Mimi nilisimulia nchi ilivyo na kusema kwa sauti za watu wote wanaokutana nao. Wao walisema wanafanya nini. Dadu zikaamua kama wamefaulu. Wanaume watatu wenye mvi, tumefunga mlango, tunabishana kama daraja la kamba litaweza kumbeba farasi.

Dada aliniuliza tunafanya nini humo.

"Tunasali, Yaya," nikasema, maana dada mkubwa kwetu ni Yaya.

Sijui kwa nini uongo ule ulitoka haraka hivyo. Labda kwa sababu ukweli ungechukua muda mrefu zaidi kueleza. Dada alifurahi mno. Akawa anawaambia watoto wa parseli wapite polepole mbele ya mlango wangu, tonton, mjomba wao, yuko na Bwana.

Shida ilianzia kwenye neno moja. Mchezo ulikuwa kwa Kifaransa, na sisi kucheza tulicheza kwa Kiswahili, maana hakuna mtu anayeweza kutukana jitu kwa Kifaransa na kuridhika. Nilipofika kwenye wale wenye uchawi, ambao kule wanaitwa *mages*, nikakwama.

"Mamajusi," mwalimu akasema bila kufikiri. "Iko mu Injili, bwana. *Les mages*, mamajusi wa Mashariki."

"Majusi iko nafika na zahabu na ubani," fundi akajibu. "Huyu wetu iko natupa moto. Majusi gani anatupa moto? Sema mulozi, tusikie woga kidogo."

"Mulozi ni mubaya."

"Na wabo banafungwa ju ya nini? Ju ni bazuri?"

Mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa mchezo, uamuzi ulikuwa wangu, na nikachagua mulozi. Niliona linapendeza mdomoni. Mtu aliyewahi kuishi Kigoma angepaswa kuwa mwangalifu zaidi na neno hilo. Kwetu mulozi mmoja ni mulozi na wengi ni balozi, na nilipofika Kigoma mara ya kwanza, mwenye nyumba aliniambia kwamba kabla ya kulala ni lazima niende kujitambulisha kwa balozi wa nyumba kumi. Nilistaajabu nchi iliyopangwa vizuri hivyo, hata walozi wamegawanywa kwa hesabu, mmoja kwa kila nyumba kumi. Sikulala. Asubuhi nikagundua kwamba balozi ni mzee mpole anayeandika wageni katika kitabu.

Kosa la pili lilikuwa uvivu. Mchezo ulihitaji mulozi mkuu, mwanamke mzee aliyetoroka mnarani, na mimi sina kipaji cha kubuni sura. Nikatazama nje. Katika kimoja cha vile vyumba vya nyuma alipanga mama mzee kutoka Walungu, sote tunamwita Koko, anayekaanga mandazi asubuhi mbele ya lango letu. Anachechemea mguu wa kushoto. Kabla ya kusema neno anapiga ulimi kwenye kaakaa, mara moja, kama anayeonja chumvi. Na unga unapokawia kuumuka anazungumza nao kwa Mashi, lugha ya kwao, anaubembeleza. Nikavichukua vyote, nikaviandika kwa biki ya bluu: mguu, ulimi, mazungumzo na vitu visivyojibu. Nikaongeza nguvu za kuruka juu ya mabati, na vibuyu vitatu anamohifadhi roho za walinzi aliowashinda. Hata jina nikamwachia lilelile, Koko. Fundi alicheka mpaka akashika mbavu.

Jumamosi moja walimpata. Katika mchezo, nina maana. Walimkuta amejificha pangoni, amejeruhiwa, na kapteni wa walinzi alikuwa ameahidi panga tatu nzuri kwa atakayemkabidhi. Nilitegemea watamwonea huruma kama nilivyomwonea mimi. Wakaanza kupiga hesabu ya panga.

"Tumupeleke," fundi akasema. "Kapteni atamuchoma, sisi tunabeba panga yetu."

"Mbele ya kumupeleka, Koko atuonyeshe kwenye anaficha roho za batu," mwalimu akasema. Huyo ni katekista.

Nikasimama. Nilitoa hotuba ambayo nilidhani ni nzuri kuliko zote nilizowahi kutoa: kwamba mulozi naye ni mtu, kwamba hakuchagua kuzaliwa hivyo, kwamba mnyonge akifungwa kwa sababu ya hofu ya wenye nguvu, aliyenyamaza naye amefunga mlango. Nilipiga meza. Nikasema, kwa sauti ambayo sasa najua ilifika mbali, "Koko wangu, hakuna mutu atamugusa! Alinifungua macho!" Nilikuwa nasema kwa niaba ya mtumishi wake wa mchezoni, lakini ubao hauna sikio la kutofautisha.

Upande wa pili wa ubao ule, mama jirani alikuwa anaanika nguo.

Simlaumu. Jiwekeni mahali pake. Mko mnaanika shuka, na kutoka katika chumba cha maombi mnasikia sauti za wanaume mnaowafahamu zikisema kwamba Koko anaruka juu ya mabati, kwamba ana roho za watu kwenye vibuyu, kwamba wamchome au wamwache, na mdogo wa mama mwenye parseli anampigania kwa machozi. Mtu mwenye akili timamu angeelewa nini?

Jumatatu dada yangu aliniita kula. Kwenye sahani yangu kulikuwa na firigisi ya kuku. Firigisi ni ya mwanaume mwenye nyumba, na tangu shemeji yangu afariki sikuwahi kumwona dada akimpa mtu mwingine. Mimi nimezoea shingo.

"Kula, ndugu yangu," akasema. "Sasa tumejua."

"Mumejua nini, Yaya?"

"Kitu yenye inakusumbua. Haikukuwa kosa yako." Akafuta macho kwa pembe ya kitenge. "Miaka hii yote miye nasema weye ni muvivu. Nasema haupendi kukaa. Kumbe mutu alikufunga miguu!"

Akaeleza. Mtaa mzima ulikuwa umeshaelewa. Koko ni mulozi, na aliyemroga kuliko wote ni mimi: sina mke, sina nyumba, nikipata kazi inakufa, nikifika mahali napata hamu ya kuondoka. Kikundi chetu cha maombi kilikuwa kimemgundua, na mimi, maskini, kwa kuwa nimefungwa, nilimtetea.

"Lakini Yaya, Koko alifika hapa miaka mbili tu. Miye natembea tangu nikiwa na miaka makumi mbili."

"Ulozi haiangaliake kalendari."

"Yeye alikuwa Walungu. Miye nilikuwa Kalemie!"

"Njo maana Kalemie haukupata kitu."

Sasa nitasema jambo ambalo singependa kulisema. Nilikula ile firigisi. Niliitafuna polepole, na nilipokuwa naitafuna, raha fulani ilinishuka mwilini ambayo sikuwa nimeijua tangu utoto. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuwa na hatia. Ile miji yote iliyonishinda, yule mchumba wa Uvira aliyeningojea mpaka akachoka, lile duka la Bujumbura ambalo niliacha ufunguo dirishani na kuondoka: hakuna hata moja lililokuwa langu. Ningeweza kusema neno pale pale, mdomo ukiwa na mafuta ya kuku. Neno lenyewe lilikuwa "tulikuwa tunacheza." Lakini lingenirudisha kwenye shingo, na juu yake lingeniongezea daftari, dadu na mwaka mzima wa maombi ya uongo.

Nikasema, "Koko atafanywa nini?"

"Siku ya Mungu, baada ya misa, shirika inakutana hapa. Atatoka mu parseli. Batamusindikiza." Dada aliinamisha kichwa. Neno hilo, kusindikiza, hakulipenda naye. Shirika letu ni familia za Kikristo za mtaa huu, watu wa kusali na kuzikana, si watu wa mawe. Lakini sote tunajua neno mulozi likishashuka barabarani linasindikizwa na nani.

Ijumaa nilitoka asubuhi. Kwa kawaida saa moja na nusu beseni la Koko limeshakuwa tupu. Siku hiyo ilikuwa saa nne na lilikuwa limejaa, mandazi yamepoa, yamekunjamana. Watoto walipita upande wa pili wa njia, na mmoja akakimbia.

"Unaamkaje, papa?" Koko aliniita. Akapiga ulimi. "Weye unajua kusoma. Uniulizie bale batu: nilifanya nini? Miye bananiambia tu nijue mwenyewe."

"Nitauliza, Koko."

"Walungu shamba ilibakia na bashemeji. Nikirudi na hii jina, hata mu nyumba ya mbuzi habatanilaza. Uulize vizuri, eh? Na sauti ya pole."

Nikasema nitauliza kwa sauti ya pole. Nikaenda zangu.

Katika mchezo, mambo yakifika hapo, majibu yanatokea chini ya kioo na hayaondoki mpaka uchague. Unaweza kwenda kujisaidia, unaweza kupika chai, ukirudi yule bibi bado anakutazama. Maisha yana kasoro moja kubwa: yanakuruhusu kuondoka. Na kuondoka ndiyo kazi pekee ninayoijua vizuri. Jumamosi asubuhi nilifunga begi langu. Nilikusudia kuteremka hadi Luvungi, kwenye joto la bondeni, kwa mtu niliyewahi kumsaidia kuvuna. Kwenye maegesho nikaambiwa gari la huko bondeni Ruzizi limejaa na lingine halina saa. Basi mimi, msafiri wa maziwa makuu, mtu wa miji mitano, nikajikuta nimekimbia kwa miguu, na nikafika Nyantende. Mtu akitembea bila haraka anakwenda Nyantende na kurudi kabla chakula hakijaiva.

Nikaingia mahali wanapouza kasiksi, pombe ya ndizi, nikakaa pembeni na begi magotini. Wanaume wawili waliotoka shamba walikuwa wanazungumza, majembe yameegemezwa ukutani.

"Kadutu kule, bwana. Mumama muzee. Anaruka ju ya bati."

"Bongo! Unadanganya!"

"Nakuambia! Iko na vibuyu tatu. Mu kila kibuyu, roho ya soda." Soda kwetu ni askari. "Na bangili ya chuma, balimuvalisha Bazungu, akaikata na meno."

Ile bangili! Chuma chake kilitoka mchezoni, lakini kuikata kwa meno nilibuni mimi mwenyewe, siku ya mvua, na kulinichukua jioni nzima. Lazima nikiri kwamba kitu cha kwanza nilichohisi ni fahari. Nilitaka kuwagonga bega na kuwaambia kuwa hadithi hiyo ina mwenyewe.

"Na balimuchoma?" akauliza yule mwingine.

"Bado," mwenzake akajibu, akainua kikombe.

Nimeishi katika miji mingi na sijawahi kusikia neno fupi lenye uzito ule. Hakusema hapana. Alisema bado, kama mtu anavyosema mvua bado, mahindi bado. Nikaacha kinywaji changu mezani, nikachukua begi, na nikapanda kurudi Bukavu nikitembea kama mtu aliyesahau sufuria jikoni.

Jumapili uani kwa dada palijaa. Mabenchi yaliletwa, na Koko akakalishwa kwenye kiti cha plastiki peke yake, kama bibi harusi. Rais wa shirika, mzee mstaafu mwenye miwani iliyofungwa uzi, alianza kwa sala. Kabla hajamaliza ishara ya msalaba nilikuwa nimeshasimama, kwa sababu nilijua nikikaa sekunde moja zaidi nitakumbuka Luvungi.

"Hii maneno ya Koko ni yangu," nikasema. "Miye njo niliandika. Hatukukuwa tunasali. Tulikuwa tunacheza."

Mtu mmoja nyuma akasema kwa huruma, "Mumeona? Ameshamufunga na mudomo."

Nilifikiri kukiri ndiyo kazi ngumu. Kumbe kazi ngumu ni kusadikiwa. Nikaleta daftari. Nikaleta dadu, nikazimwaga kwenye benchi. Nikamwomba mwalimu anisaidie. Mwalimu aliangalia viatu vyake na kusema, "Miye nilikuwaka nakuja kusali." Hata jogoo hakuwika. Fundi ndiye aliyesimama, sindano mbili bado zimechomekwa kwenye ukosi.

"Tulikuwa tunacheza," akasema. "Hata huyu katekista. Tena huyu njo alikuwa mukali: aliuaka majitu saba na shoka."

Rais wa shirika akavaa miwani, akafungua daftari, akasoma kwa sauti ileile anayosomea matangazo ya misa. "Koko. Mulozi mukubwa. Nguvu: kumi na mbili. Akili: makumi mbili. Muguu wa kushoto, inachechemea. Anaongea na unga." Akageuza ukurasa. "Akikasirika, rusha dadu mbili. Ikifika tisa, anakuwa popo."

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa yule mama aliyesikia kupitia ubao. Alicheka kwa aibu, mkono mdomoni, kisha wote wakashindwa. Mimi nilisimama katikati, miaka arobaini na minne, nikitazama maandishi yangu yakisomwa kama matokeo ya mtihani.

Nikaeleza kwamba mchezo wenyewe ulitoka kwenye kompyuta, kwa Kifaransa. "Na hiyo Kifaransa yako," rais akaniuliza, "inawaita hawa batu nani?"

"*Mages*, Papa Rais."

"*Mages*?" Akavua miwani. "Mamajusi? Bale ba Noeli? Na weye ukasema mulozi?" Akawatazama watu. "Angesema tu mamajusi, leo tungekuwa kwetu tunakula."

Dada yangu peke yake hakucheka. Alinikaribia akanitazama usoni kwa muda, kama anayetafuta kitu alichokipoteza humo.

"Donc, kumbe haukurogwa?"

"Hapana, Yaya."

"Sasa kama haukurogwa," akauliza polepole, "shida yako ni nini?"

Jibu lake mpaka leo ninalitafuta, na kila nikikaribia kulipata napata hamu ya kusafiri.

Hapo Koko aliinuka. Alichechemea hadi chumbani kwake, akarudi na sahani ya mandazi aliyoyakaanga asubuhi hiyo, siku ya kufukuzwa kwake. Wageni wa mji wetu waelewe jambo moja: huku kwetu anayekukaribisha kinywaji au chakula anaonja kwanza yeye, mbele ya macho yako, ndipo anakupa. Si dharau, ni adabu. Anayeonja anakuambia: hakuna kitu ndani. Wiki ile yote Koko alikuwa amekaa langoni anaonja andazi moja baada ya jingine mbele ya watu wanaopita, na hakuna aliyenyoosha mkono.

Akanisogezea sahani.

"Leo sionji," akasema. Akapiga ulimi. "Weye uliniandika. Unajua kitu yenye ninaweka ndani."

Nikachukua andazi. Katika Bukavu nzima hapakuwa na mtu aliyejua kuliko mimi kwamba mama yule hana kitu, kwa kuwa ulozi wake wote, vibuyu vyake, bangili yake, popo wake, niliutoa kwenye biki yangu mwenyewe. Nikainua andazi mpaka karibu na midomo. Na mkono ukasimama.

Haukusimama muda mrefu. Labda muda wa pumzi moja. Watu wengi hawakuona. Waliona mtu anayekula, na nilipomeza wakapiga makofi, wakanyoosha mikono, sahani ikaisha. Yule mama wa ubao alichukua mawili. Rais akafunga mkutano kwa sala fupi na kunitoza, kama adhabu, kuosha mabenchi yote ya kanisa kabla ya Pasaka. Koko alibaki katika chumba chake. Dada alimwomba msamaha kwa Mashi, wakashikana mikono muda mrefu.

Lakini Koko aliuona ule mkono. Alikuwa karibu, na yeye ni mtu anayejua kutazama unga na kusema kama umeumuka.

Sasa watoto wamerudi langoni, wanasukumana, na wengine wanamwomba awe popo. Anawapa mandazi yao mkononi moja kwa moja, wanakula, wanakimbilia shule. Nami nanunua kila asubuhi. Ninapofika, Koko anachagua andazi, analimega, anatia kipande mdomoni, anatafuna taratibu huku akinitazama, anameza, anangoja kidogo. Ndipo ananipa lililobaki.

Nimemwambia mara nyingi, "Koko, acha. Miye sikuogopi."

"Najua, papa," anasema, anapanguza vidole. "Kula tu."